Wageni wa Arusi Kuu ya Ngazija: Kutoka Majahazi hadi Ndege za Julai

Arusi kuu ya Ngazija, ambayo wenyewe huiita ndola nkuu au kwa ufupi tu ada, haifungwi popote ila katika mji wa bibi arusi. Bwana arusi anaweza kuwa ameishi Marseille miaka mingi, shangazi yake yuko Unguja, ndugu wengine wako Dar es Salaam na Mahajanga, na aliosoma nao wametapakaa Ulaya. Siku ya sherehe wote hutakiwa kuwa katika kisiwa kimoja cha Komoro, cha kilomita za mraba zipatazo 1,100, kilichokaa kwenye mlango wa kaskazini wa Mlango-Bahari wa Msumbiji. Kwa hiyo kazi ya kumtayarisha mgeni wa arusi avuke bahari, afike kwa wakati, awe na cha kuvaa na cha kutoa, Wangazija wameifanya tangu zamani, kabla ulimwengu haujawa na wakala wa safari hata mmoja.

Sababu ya arusi hii kutohamishika iko katika kazi inayoifanya. Mwanamume wa Ngazija hahesabiwi kuwa mtu mzima kamili kwa umri, kwa elimu wala kwa mali. Huwa mdru mdzima pale tu anapotimiza ada mbele ya mji wake. Asiyeitimiza, hata akiwa na mvi na cheo serikalini, hubaki katika kundi la wanamdji, watoto wa mji, ambao hutumwa na kusikiliza zaidi kuliko kusema. Aliyetimiza huketi safu za mbele msikitini, huvaa mharuma begani, na hupewa nafasi ya kusema bangweni, yaani kwenye uwanja wa mji ambako mambo ya wote huamuliwa. Heshima hiyo hutolewa na watu wa mji, na watu wa mji hawawezi kuitoa kwa jambo lisilofanyika machoni pao. Ndiyo maana hakuna ukumbi wa Paris wala hoteli ya Dubai inayoweza kuchukua mahali pa bangwe, hata ikipambwa vipi.

Kuna pia suala la nyumba. Ngazija ni kisiwa cha Waislamu ambao hata hivyo ukoo wao huhesabiwa kwa mama, na nyumba ni ya mwanamke. Wazazi wa binti wa kwanza, hasa mama na wajomba zake, huanza kumjengea angali mdogo, chumba baada ya chumba kadiri fedha zinavyopatikana. Kilele cha sherehe zote ni zifafa, msafara wa kumpeleka bwana arusi, amevaa joho, hadi katika nyumba hiyo, naye huingia kama mgeni anayepokewa na kuvikwa. Mali aliyoituma mbele yake, ikiwemo dhahabu ya mke, huwa imekwisha kuoneshwa kwa watu. Arusi inayomalizikia kwenye mlango wa nyumba fulani haina budi kufanyika ilipo nyumba hiyo.

Mgeni naye hapa si mtazamaji. Wanaume wa rika moja, wanaoitwa beya, hupanda pamoja ngazi za heshima za mji, na kila mmoja wao anapooa wenzake hudaiwa mchango, kazi na kuhudhuria. Wanawake wana vikundi vyao vyenye deni kama hilo. Anayetoa leo hurudishiwa siku ya arusi yake, au ya binti yake, au ya mpwa wake, na mara nyingi hurudishiwa zaidi ya alichotoa. Mtu aliye mbali hawezi kuomba radhi kwa barua nzuri na kuachwa hivyo hivyo. Asipofika bila sababu, yeye na nyumba yao hupungukiwa. Hili ndilo lililofanya safari ya mgeni iwe jukumu la watu wengi tangu mwanzo: nauli, nguo, zawadi na malazi huhesabiwa na kundi zima, kwa kuwa kundi zima ndilo litakaloaibika mmoja wao akikosekana.

Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, mji wa ng'ambo uliokuwa na uhusiano mkubwa na Ngazija ulikuwa Unguja. Wangazija walihamia huko kwa biashara, kwa elimu na kwa kukimbia vita vya masultani waliogawana kisiwa chao. Walifanya kazi katika nyumba za watawala wa Kibusaidi, walifundisha, walihukumu. Sayyid Ahmed bin Sumeit, aliyezaliwa Itsandra na kufa Unguja mwaka 1925, alikuwa miongoni mwa makadhi wakubwa wa pwani yote ya Afrika Mashariki. Mwaka 1936 Ibuni Saleh alichapisha kitabu kifupi cha historia ya Wangazija wa Zanzibar, dalili kwamba jamii hiyo ilikuwa imekua kiasi cha kutaka kujieleza yenyewe. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Unguja na kuzungumza Kiswahili nyumbani, lakini heshima ya mwisho iliendelea kutafutwa Moroni, Ikoni, Itsandra au Mitsamiouli, mji wowote ule ambao ukoo wa mama ulitoka.

Kati ya Unguja na Ngazija ni safari ya kilomita zaidi ya 700 za bahari wazi, na kwa jahazi safari hiyo iliamuliwa na upepo. Kaskazi, ivumayo takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo iliyosukuma vyombo kusini. Kusi ndiyo iliyovirudisha. Mgeni aliyetoka Unguja kwenda arusini hakuweza kuondoka wiki ya sherehe na kurudi wiki iliyofuata. Alikwenda na upepo mmoja na kungoja mwingine, na kati ya pepo hizo mbili aliishi kwa jamaa zake kwa miezi. Kwa sababu hiyo kumwalika mtu wa ng'ambo kulikuwa ni kumwalika aache kazi yake kwa msimu mzima. Habari ilibidi itangulie mwaka mmoja kabla, kwa barua aliyopewa nahodha au kwa mdomo wa mtu anayeaminika. Mgeni alijitayarishia chakula cha njiani, maji, mkeka wa kulalia na sanduku la nguo za arusi lililofungwa vizuri lisiingiwe na maji ya chumvi. Aliyekuwa na duka au mshahara ilibidi apate wa kumshikia.

Matayarisho ya upande wa wenyeji yalikuwa mazito zaidi, na jambo moja katika hayo halitajwi vya kutosha, nalo ni maji. Ngazija haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua ni nyingi, lakini ardhi ya kisiwa ni mawe ya volkano ya Karthala, yenye matundu yanayomeza maji mara yanapoanguka. Watu wamezoea kuishi kwa maji ya mvua yanayokingwa kwenye mabirika, na visima vya pwani ambavyo maji yake yana chumvichumvi. Familia iliyotarajia wageni mia kadhaa, wengine wakikaa miezi, ilihitaji birika kubwa, au majirani walio tayari kugawana yao. Arusi iliyopangwa bila kufikiria mvua ingeweza kuaibisha watu hata kama mchele na nyama vimejaa. Kwa hiyo birika kubwa lilikuwa mali, na mji wenye mabirika mengi uliweza kupokea watu bila hofu.

Mgeni wa Unguja aliandamana na vitu ambavyo kisiwani vilikuwa adimu: vitambaa, majoho na bushuti, manukato, vyombo vya nyumbani. Pamoja na vitu hivyo yalisafiri na mambo ya starehe. Taarabu ya Unguja iliingia Ngazija mwanzoni mwa karne ya 20 kwa njia hiyo hiyo ya watu wanaokwenda na kurudi, ikawa twarab ya Kikomoro, na leo watu hawawezi kuifikiria arusi bila usiku wa twarab. Ni haki kusema kwamba wageni ndio walioijenga sura ya ada kama inavyojulikana sasa. Kila msimu uliongeza kitu kilicholetwa kutoka nje, na kilicholetwa mara mbili mfululizo kiligeuka kuwa lazima.

Ukoloni uliongeza karatasi. Kisiwa jirani cha Maore (Mayotte) kilikuwa mikononi mwa Wafaransa tangu 1841. Ngazija iliingia chini ya himaya yao mwaka 1886 kwa mkataba na Said Ali, sultani wa Bambao, na mwaka 1912 visiwa vyote vilitangazwa kuwa koloni, kisha vikaunganishwa na Madagaska hadi 1946. Unguja nayo ilikuwa himaya ya Waingereza. Mngazija wa Unguja aliyetaka kwenda arusini kwa mjomba wake alivuka mpaka wa dola mbili ambao babu yake hakuujua, na suala la yeye ni mtu wa nani, wa Sultani wa Zanzibar au wa Ufaransa, liliendelea kusumbua kwa miongo. Upande wa kusini hali ilikuwa nyepesi zaidi, kwani Mahajanga, bandari ya kaskazini-magharibi mwa Madagaska, ilikuwa chini ya bendera ile ile. Wakomoro waliohamia huko walikuwa sehemu kubwa ya wakazi wa mji, na majahazi yalipita kati ya bandari hiyo na visiwa bila kukoma. Mchele na ng'ombe wa arusi vilitoka huko. Mgeni wa Mahajanga alikuwa na thamani ya pekee, kwa kuwa alikuja pamoja na karamu yenyewe.

Meli za mvuke zilipunguza utumwa wa upepo, na zikatoa pia aina mpya ya bwana arusi. Wakomoro waliajiriwa katika meli za biashara za Kifaransa, wengi wakiwa makuli wa tanuri na wahudumu wa injini, na baada ya Vita Kuu vya Pili idadi yao iliyoweka makazi Marseille iliongezeka, wengine wakielekea Le Havre na Dunkerque. Waliishi kwa kufuata miji waliyotoka, watu wa mji mmoja katika nyumba moja au mtaa mmoja, na akiba zao waliziunganisha. Kila mmoja aliweka kiasi chake katika mtsango, mchango wa zamu, na mwaka wa zamu yake fungu lote likamwendea yeye. Kwa fedha hiyo baharia alinunua dhahabu, alilipa ng'ombe, akapanga likizo yake iendane na meli inayopita karibu na kwao. Wenzake wa rika waliokuwa kazini baharini mara nyingi hawakuweza kufika, hivyo desturi ya kutuma mchango mikononi mwa anayekwenda ilikomaa katika miaka hiyo. Msafiri mmoja angeweza kubeba bahasha za watu ishirini, kila moja ikiwa na jina, na aliaminiwa kwa sababu wote walimjua mama yake.

Kati ya 1964 na 1978 njia za zamani zilivunjika moja baada ya nyingine. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliwaacha Wangazija wa Unguja katika hali ngumu. Wengi walipoteza kazi, na katika miaka iliyofuata uraia wao wenyewe ulitiliwa shaka. Waliobaki hawakuwa na uhuru wala uwezo wa kwenda na kurudi kama wazazi wao, na walioondoka walitawanyika hadi nchi za Ghuba na Ulaya. Tarehe 6 Julai 1975 Komoro ilitangaza uhuru, Maore ikabaki na Ufaransa. Kisha mwezi Desemba 1976 yakatokea mauaji ya Wakomoro huko Mahajanga. Mamia waliuawa na maelfu wakarudishwa visiwani, wengi kwa ndege za shirika la Sabena la Ubelgiji, hata watu hao wakaitwa Wasabena na jina likawabaki. Jamii iliyokuwa ikileta mchele na ng'ombe wa arusi ilirudi nyumbani ikiwa na mabegi ya mkononi.

Wakati huo huo ada yenyewe ilishambuliwa na serikali. Ali Soilih, aliyeongoza nchi kuanzia Januari 1976 hadi alipopinduliwa Mei 1978 na mamluki wa Bob Denard, aliiona arusi kuu kuwa mzigo unaowafukarisha watu na kuwapa wazee mamlaka wasiyostahili. Sherehe za gharama zilipigwa marufuku. Hoja yake haikuwa ya upuuzi: watu walikuwa wakikopa kwa miaka ili kulisha miji jirani kwa siku chache, katika nchi isiyo na hospitali za kutosha. Lakini marufuku hayo yaligusa kitu ambacho watu hawakuwa tayari kukiacha, na alipoanguka, arusi zilizokuwa zimeahirishwa zilirudi kwa wingi. Zilirudi zikiwa na wageni wa aina nyingine. Unguja ilikuwa imedhoofika na Mahajanga imefungwa, hivyo aliyekuwa na uwezo wa kuja, na wa kuleta, alikuwa Mkomoro wa Ufaransa.

Katika miaka ya 1980 na 1990 familia ziliungana Marseille, kisha Paris na Lyon, watoto wakazaliwa huko, na msafiri wa arusi hakuwa tena baharia mmoja mwenye sanduku. Ilikuwa familia ya watu watano au sita. Kalenda ya ndola nkuu ikahama kufuata likizo za shule za Ufaransa. Julai, Agosti na mwanzo wa Septemba vikawa msimu wa arusi, na miji ikaanza kugombea tarehe, kwa kuwa mgeni mmoja anaweza kudaiwa kuhudhuria arusi nne katika wiki mbili. Wenyeji waliwapa wageni hawa jina la Kifaransa walilowasikia wakilitumia wenyewe, Je viens, yaani “nakuja”. Jina hilo lina mapenzi ndani yake, na lina matarajio. Anayekuja hutazamiwa aje na mikono iliyojaa.

Matayarisho ya msafiri huyo huko Marseille ni kazi ya mwaka mzima, na wanaoibeba zaidi ni wanawake. Vyama vya watu wa mji mmoja, ambavyo kufikia mwisho wa karne ya 20 vilikuwa vimefika mamia nchini Ufaransa, hukutana Jumamosi na Jumapili katika kumbi za kukodi. Huko tarehe za arusi zijazo hutangazwa, michango hukusanywa, na kitambaa cha sare huchaguliwa, ili wanawake wote wa upande mmoja watokee kisiwani wamevaa namna moja. Kitambaa kisipopatikana kwa wingi unaotosha huagizwa Dubai, pamoja na dhahabu. Vitu vizito, fanicha za nyumba ya bibi arusi, friji, vigae na milango, hutangulia kwa kontena miezi kadhaa kabla, kwani forodha na bandari ya Moroni vina mwendo wao. Kilichobaki huhesabiwa kwa kilo. Kila msafiri ana uzito anaoruhusiwa, na uzito huo hugawanywa kati ya mali yake na mizigo ya wasiosafiri, jambo ambalo limevunja urafiki wa watu wengi waliopendana.

Kisiwani, kundi jingine hufanya kazi upande wa pili. Uwanja wa ndege wa Hahaya, kaskazini mwa Moroni, hupokea msimu huo watu wanaohitaji magari, vyandarua, vitanda na mtu wa kuwaeleza watoto kwa nini babu haketi mbele wakati kijana aliye nje ya ukoo anaketi. Watoto waliokulia Marseille waliijua ada kwa kanda za video, ambazo kwa miaka mingi zilipita mkono kwa mkono kutoka nyumba hadi nyumba. Kanda ziliwafundisha nguo na nyimbo, hazikuwafundisha zamu na heshima. Nyumba zilizozoea kupokea wageni huweka binamu mmoja wa rika lao awe nao kila wanapokwenda, na huo pengine ndio msaada bora kuliko wote anaopewa mgeni.

Hatari kubwa ya safari hii kwa muda mrefu ilikuwa malaria. Mzazi aliyekulia Ngazija huamini kwamba homa ya kwao anaijua, na kwamba mtoto wake ameirithi kinga. Kinga hiyo hupotea kwa mtu aliyekaa Ulaya miaka, na mtoto aliyezaliwa huko hana kabisa. Madaktari wa Marseille wameandika mara nyingi kwamba sehemu kubwa ya malaria inayoonekana mjini humo inatoka Komoro, na kwamba wagonjwa huongezeka mara baada ya likizo za kiangazi, familia zinaporudi. Dawa za kujikinga hazilipwi na bima ya taifa ya Ufaransa, na kwa familia kubwa gharama yake ilishindana na nauli na mchango. Mara nyingi mchango ulishinda. Vyama vya Wakomoro na wahudumu wa afya wa Marseille walianza kuzungumzia vyandarua na dawa katika mikutano ile ile inayopanga arusi. Mwaka 2013 serikali ya Komoro, kwa msaada wa China, iliwapa dawa wakazi wote wa Ngazija kwa pamoja, kama ilivyokwisha kufanya katika visiwa vingine vya nchi hiyo, Mwali na Anzwani, na ugonjwa ukashuka sana kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza kupanda tena. Onyo kwa msafiri limebaki pale pale.

Kisha kuna safari yenyewe. Komoro ni nchi ndogo na abiria wake hujaa kwa miezi miwili tu, hivyo mashirika makubwa hayakuipa ndege za moja kwa moja za kutosha. Katika miaka ya 2000 njia iliyotumiwa na wengi, kwa kuwa ilikuwa nafuu, ilikuwa ya shirika la Yemenia: kutoka Paris na Marseille hadi Sana'a kwa ndege moja, na kutoka Sana'a hadi Moroni kwa nyingine iliyochakaa zaidi. Abiria walilalamikia hali ya ndege hizo, na mwaka 2008 Wakomoro wa Ufaransa waliunda chama kwa ajili ya kudai safari zilizo salama. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 2009, Airbus A310 ya shirika hilo ilianguka baharini ikikaribia kutua Hahaya. Walikuwemo watu 153. Alinusurika msichana mmoja wa miaka 12, aliyeshikilia kipande cha bodi majini kwa saa nyingi hadi alipookolewa. Huo ulikuwa mwanzo wa msimu, na wengi wa waliokufa walikuwa familia zinazokwenda likizo na arusini, sandukuni mna sare na bahasha za watu wengine. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulitaja makosa ya marubani katika kutua. Familia zilifuata kesi kwa miaka 13, na mwezi Septemba 2022 mahakama ya Paris ililitia hatiani shirika hilo kwa kusababisha vifo bila kukusudia na kulitoza faini ya yuro 225,000. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa roho 152, lakini hukumu ilithibitisha kwamba shirika lilibeba lawama ya vifo hivyo.

Ajali ile ilibadilisha mazungumzo ya matayarisho. Njia ya safari, ambayo awali ilichaguliwa kwa bei peke yake, ikawa jambo la kujadiliwa kwenye mikutano pamoja na tarehe na sare. Leo wengi hupitia Addis Ababa au Nairobi, wengine Dar es Salaam, ambako Air Tanzania huruka hadi Hahaya kwa muda usiozidi saa mbili. Njia ya Dar es Salaam imerudisha uhusiano wa kale na Waswahili kwa namna mpya, kwani wafanyabiashara wa Ngazija hununua Kariakoo mchele, vyombo na vitambaa vya arusi, na ng'ombe wa karamu wanaosafirishwa kwa meli hutoka Tanzania pia.

Wako wageni ambao matayarisho yote hayawafikishi. Mkomoro anayeishi Ufaransa bila karatasi akitoka hawezi kurudi. Tangu Januari 1995 hata Maore, iliyo umbali wa kilomita 70 hivi tu kutoka Anzwani, inahitaji viza, na watu wengi wamezama wakivuka kwa mashua za kwassa-kwassa. Mtu wa hali hiyo aliyeko Maore hutuma mchango, hutazama arusi ya dada yake kwa simu, na hubaki na deni la kuhudhuria ambalo mji haulifuti kwa urahisi. Miaka mingine hali hiyo imekuwa ya wote: mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, arusi zilizokuwa zimetayarishwa kwa miaka ziliahirishwa.

Gharama, ambayo leo mara nyingi hufikia makumi ya maelfu ya yuro, imewafanya vijana wengi wa Ufaransa kuhoji kama waendelee. Miji kadhaa imejibu kwa kanuni zake: imefuta baadhi ya karamu, na imeamua kwamba sehemu ya fedha inayolipwa na anayetimiza ada iingie kwenye mfuko wa mji badala ya kuliwa. Shule, barabara, misikiti na nyaya za umeme za Ngazija zimejengwa kwa fungu hilo na kwa michango ya vyama vya Marseille, ikiwemo inayopatikana kwa matamasha ya twarab. Kwa mgeni hilo limemaanisha siku chache za ziada za kupumzika na mzigo mwepesi kidogo. Wajibu wa kufika mwenyewe haujaguswa na kanuni yoyote kati ya hizo, na tikiti za Julai bado huanza kutafutwa mwezi Desemba.